Transista Isiyopata Joto

Kondele, Kisumu
12 Januari 2025

Kwa Mama yangu Aoko,

Nakusalimia kwa mikono yote miwili, mjukuu wangu. Mimi niko. Magoti yanalia kidogo asubuhi, lakini yakishazoea yananyamaza. Shangazi yako Celestine amepata mtoto wa tano, msichana. Mpunga wa Ahero umeingia ndani kabla ndege hawajaumaliza. Yule mbuzi mweusi amekufa, alikula nailoni. Nekoye wa samaki, jirani wa duka langu, anauliza kama huko Ujerumani kuna omena. Nimemwambia hakuna, ndiyo maana watu wa huko hawacheki.

Unajua kwa nini naandika na sipigi simu. Ile simu baba yako alininunulia ni ya kuniamrishia, kwa hiyo nimeizima. Barua haimkatizi mzee maneno. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, na maandishi yangu yanatembea kama kuku, lakini yanafika.

Sasa jambo lenyewe. Krismasi baba yako Obonyo alikuja na ndugu zake wote, wakakaa mstari mmoja kama kamati. Obonyo akasema, "Baba, una miaka sabini na sita. Funga hilo duka la redio, ukae dala." Nikae nyumbani nifanye nini? Nichunge kuku? Hakuna fundi kutoka Kondele mpaka Manyatta anayenifikia. Marehemu Gurcharan, yule Kalasinga aliyenifundisha kazi, alinionyesha siri moja tu: mita ni ya waoga. Washa mashine, ngoja kidogo, halafu pitisha kidole juu ya transista moja moja. Ile iliyo na joto kuzidi wenzake ndiyo mgonjwa. Sasa ni mwaka wa hamsini na moja na kidole changu hakijawahi kudanganya mtu.

Wewe ndiye umesoma, na Obonyo anakuogopa. Mwambie aniache. Umebeba jina la mama yangu mzazi, na kwetu aliyebeba jina amebeba na sauti. Wakinifungia duka watakuwa wamenizika nikitembea.

Halafu nieleze kazi yako. Watu wananiuliza, "Mjukuu wako anasomea nini?" Nasema transista. Wananicheka: "Si ilishatengenezwa zamani?" Niwajibu nini?

Mimi mwanao wa uzeeni,
Obiero, Fundi


Leipzig
6 Februari 2025

Kwa Kwara, babu yangu Obiero,

Barua yako ilifika ikinuka moshi wa solda. Niliifungua ndani ya tramu nikapitiliza vituo vitatu. Hongera kwa Shangazi Celestine, na pole kwa mbuzi. Mwambie Nekoye omena kweli hakuna. Kuna samaki wa chumvi anayeliwa mbichi, na mimi nimekataa katakata. Theluji imefika magotini na masikio yangu si yangu tena.

Nimeongea na Baba. Alipandisha sauti, nikapandisha yangu, mwisho akasema: "Sawa, nitamwacha. Lakini siku ile mkono wake utaanza kumdanganya, wewe Aoko uniambie. Usinifiche." Nikaahidi. Kwa hiyo duka ni lako, Kwara, mradi mkono ni mzima. Ahadi hiyo iko shingoni mwangu.

Sasa kazi. Unajua kuliko mimi kwamba transista ni mlango wa umeme: unafunguka, unafungwa. Kwenye redio zako iko milango michache. Kwenye simu ya Baba iko mabilioni, na kila mmoja ukifunguka na kufungwa unamwaga umeme kidogo kama joto. Kuna majumba huku yamejaa kompyuta tupu, bila mtu hata mmoja ndani, na yanakula umeme wa mji mzima. Halafu yanakula mwingine wa kupoza joto la ule wa kwanza.

Madini tunayojaribu ni ya sodiamu na bismathi, tabaka jembamba kiasi kwamba jicho haliwezi kuliona. Wanayaita madini ya kitopolojia, jina lisikutishe. Tabia yake ndiyo ya kushangaza. Ndani hayapitishi umeme, ni kama mbao. Ukingoni yanapitisha, na umeme ukishashika njia yake ukingoni haugeuki kurudi. Fikiria mzunguko wa Kondele siku ya soko, boda boda zote za upande mmoja ziende mbele tu, hakuna ya kugeuka, hakuna ya kugonga nyingine. Kule kugongana ndiko huleta joto. Na kwa msukumo mdogo sana wa umeme kutoka juu, tunaufanya ukingo ufe: mlango umefungwa. Msukumo mwingine, ukingo unafufuka: mlango wazi.

Wiki iliyopita nilifungua na kufunga mlango huo mara milioni kumi. Kipimajoto kilichogandishwa kwa gundi kando yake hakikusogea, Kwara. Hata chembe. Nilikaa sakafuni. Dokta Prerna, mwalimu wangu, alizisoma namba, akavua miwani, akazisoma tena, akatoka nje bila kufunga mlango. Anataka makala itumwe kabla ya mwezi kuisha.

Waambie Kondele hivyo: ilishatengenezwa, lakini inachoma. Sisi tunaitafuta isiyochoma.

Mjukuu wako,
Lorine Aoko


Kondele
3 Machi 2025

Kwa Mama yangu Aoko,

Salamu ziko, tena nyingi, lakini leo zitasubiri. Mtoto wa Celestine anaitwa Aloo. Mvua bado. Mimi ni mzima kabisa kabisa.

Barua yako nimeisoma nikaacha uji ukapoa na kuganda juu. Madini ambayo ndani yanakataa na pembeni yanakubali. Nyasaye, Mungu wangu. Nilimsomea Nekoye, akaniambia, "Mzee, hiyo ni kama mume wangu, mapenzi yapo nje tu." Nikamwambia hii ni sayansi. Nimewasomea kinyozi, watu wa boda boda, na mzee wa mtaa ambaye hakuomba kusomewa. Sasa hakuna anayenicheka. Wananiita Babu wa Transista.

Lakini keti, nikupe la kwangu.

Wiki mbili zilizopita Mchungaji Joram wa Ahero aliniletea amplifaya ya kanisa. Kubwa, ya kubebwa na watu wawili. Shida yake ilikuwa mlio: ile feni ya ndani ilikuwa inapiga kelele kuliko kwaya. Nikaiwasha, nikaweka muziki kwa nguvu, nikangoja, nikapitisha kidole changu juu ya zile transista nne kubwa. Baridi. Nikangoja saa nzima. Baridi kama samaki wa Nekoye. Zote nne. Mama, nilisimama pale na nywele za mkono zimesimama na mimi. Hao Wajerumani wako wanatafuta kitu ambacho kiko Ahero.

Sasa kitu kisichopata joto kinataka feni ya nini? Nikaitoa. Joram amefurahi, anasema sasa mahubiri yanasikika mpaka kwenye mashamba ya mpunga. Fundi wao wa umeme pale kanisani, kijana anaitwa Wechuli, alianza kubisha: "Mzee, feni iliwekwa kwa sababu." Nikamuuliza ameshika transista kwa miaka mingapi. Akarudi kwenye nyaya zake.

Mwambie Prerna aje nimwonyeshe. Na mwambie baba yako mkono wangu umekuwa wa chuma. Juzi ncha ya solda ilinilalia kidoleni mpaka Nekoye akasikia harufu kutoka kwa duka lake, na mimi nilikuwa naendelea kupiga stori. Haikuuma hata kidogo. Nimefunga kitambaa tu.

Mwanao,
Obiero, Babu wa Transista


Leipzig
25 Machi 2025

Kwara,

Hii barua haina salamu ndefu. Nimesoma yako mara tatu nikiwa nimesimama.

Transista za amplifaya ya Joram ni za kawaida. Ni silikoni, zilitoka kiwandani kama zote. Zikipigishwa muziki kwa nguvu saa nzima ni lazima zipate joto, kiasi cha kumfanya mtu aondoe mkono haraka. Hakuna njia nyingine. Nimekaa na karatasi nikapiga hesabu kana kwamba sijui, nikitumaini nimekosea.

Kwa hiyo si transista zilizo baridi. Ni kidole chako ambacho hakisikii.

Ncha ya solda inaunguza kuliko mafuta ya kukaangia samaki. Mtu akichomwa nayo anaruka. Wewe uliendelea kupiga stori. Kwara, huo si mkono wa chuma, huo ni mkono ambao umeacha kukuletea habari. Bibi wa rafiki yangu hapa, ugonjwa ulimwanza hivyo hivyo. Ilikuwa sukari.

Mwambie Joram aizime amplifaya leo, mpaka feni irudi. Halafu fanya hivi. Mwite Nekoye amimine chai ya moto kwenye kikombe cha bati. Shika kwa kidole chako, kisha gusa kwa mdomo. Kama kidole kinasema baridi na mdomo unasema moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Nakuagiza kama huyo mama ambaye unaniita.

Nilimwahidi Baba. Sitaki kuivunja ahadi yake wala kukuvunja wewe, kwa hiyo nakupa nafasi uende mwenyewe. Nikikosa jibu lako kufikia Pasaka, nitampigia simu. Nimeona nikwambie sasa, usije ukasema nilikuzunguka.

Aoko


Kondele
14 Aprili 2025

Kwa mjukuu Aoko,

Salamu. Mvua imeanza, tena kwa fujo. Barabara ya Ahero inaanza kula maji. Omena imepanda bei na Nekoye ananuna na kila mtu. Kinyozi ameoa mke wa pili, na wa kwanza ndiye aliyepika. Aloo anacheka sasa. Shamba letu la mpunga limepandwa upande wa chini, wa juu bado. Kuku mwekundu ametotoa tisa.

Barua yako nimepata. Chai nimekunywa.

Amplifaya ya Joram iko sawa.

Mambo ya kidole tuyaache. Mimi nilikuwa nashika transista kabla baba yako hajaota meno, na mtoto hampimi mzee kwa kikombe cha bati. Kuhusu kumpigia Obonyo, fanya unavyoona. Lakini ujue duka likifungwa mkono ulioweka kufuli ni wako.

Obiero


Leipzig
5 Mei 2025

Kwa Kwara,

Sijui kama utaisoma hii. Nimemwomba Baba akuachie juu ya meza tu, asiseme neno.

Barua yako ya tarehe kumi na nne ilinifikia Mei mbili. Pasaka ilikuwa imepita na mimi nilikuwa nimeshapiga simu, Jumatatu ya Pasaka, saa nne asubuhi zenu. Nilisikia Baba akivuta kiti. Akakata simu, akaenda.

Alinieleza alivyokukuta. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimeshikana na kidole, na kidole kilikuwa cheusi mpaka kiungo cha pili, na wewe ulikuwa unatengeneza redio ya mtu na kuimba. Daktari alipima sukari, mashine ikakataa kuandika namba, ikaandika tu kwamba imezidi. Alisema mishipa ya hisia imekufa vidoleni na nyayoni, pengine kwa miaka. Kidole cha kuonyeshea kimeondolewa ili mkono ubaki. Baba alikuwa ananisimulia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, halafu akalia. Kwara, sijawahi kumsikia Baba akilia.

Sitaomba msamaha kwa kupiga simu. Naomba msamaha kwa kungoja hadi Pasaka. Nilipanga siku kana kwamba nangoja basi.

Kuna lingine, na ni wewe peke yako ninayeweza kukuambia.

Siku nne baada ya simu ile nilikuwa kwenye maabara, mbele ya transista yangu isiyopata joto. Nikajiuliza swali lile lile nililokuuliza. Je, hii iko baridi, au kinachoipima hakisikii? Hakuna mtu aliyewahi kuuliza. Sisi tunafanya kazi ndani ya chombo kilichofungwa, kisicho na hewa, chenye ubaridi ambao Kisumu haina neno lake. Niliacha chombo kipate joto la chumba, nikakifungua, nikatazama kwa darubini. Gundi ilikuwa imepasuka. Kipimajoto kilikuwa kinaning'inia kwa nyaya zake mbili, hakigusi transista. Kati yao pana nafasi ya unene wa unywele. Kilikuwa kinapima ubaridi wa chombo. Transista ingewaka moto kando yake na kisingejua.

Makala ilishatumwa. Imekubaliwa. Itachapishwa Julai. Mwezi ujao Dokta Prerna anasimama mbele ya watu mia nne kuisoma. Miaka yangu mitatu iko humo, na ufadhili wangu.

Gundi niliipaka mimi.

Leo ni siku ya kumi na sijamwambia mtu. Nafunga mlango wa maabara na kusema habari za asubuhi.

Aoko


Kondele
30 Mei 2025

Kwa Aoko,

Mwandiko huu ni wangu. Kalamu nimeibana kati ya kidole gumba na cha kati, kama mtu anayeshika mkia wa panya. Vumilia.

Nilikuwa nimeapa sikuandikii tena. Wiki tatu barua zako mbili za nyuma zilikaa chini ya godoro na nikalala juu yake. Baba yako ameweka kufuli dukani. Anakuja kila jioni na kunitazama nikimeza dawa, kisha ananiambia nifungue mdomo aone. Mimi niliyemfundisha kutembea.

Hii yako ya mwisho ilifika Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu. Niliisoma, nikaacha, nikaisoma. Kile kipimajoto kinaning'inia nilikiona kwa macho. Ile gundi pia. Na ile kusema habari za asubuhi na kufunga mlango, hiyo ndiyo iliyonitoa kitandani, kwa sababu hiyo naijua.

Nilikuandikia kwamba amplifaya ya Joram iko sawa. Nilikuandikia Jumatatu. Siku moja kabla, Jumapili ya Matawi, ilikuwa imeungua. Ibada ilikuwa ndefu, matawi na nyimbo, ikapigishwa saa tano mfululizo bila feni. Moshi ulijaa kanisani. Watu walikanyagana mlangoni na mama mmoja mzee alivunjika mguu. Moto ulikula mapazia na kinanda. Joram alinipigia kwa simu ya Nekoye kunipa pole, kwa vile ile mashine niliitengeneza vizuri sana na nyaya mbovu za Wechuli zimeiharibu. Nikasema asante. Aoko, nilisema asante.

Wechuli walimfukuza kanisani. Halafu Ahero nzima ikaacha kumpa kazi, maana nani atampa nyumba yake mtu aliyeunguza kanisa? Na mimi nilijua. Kikombe cha bati nilikuwa nimekijaribu siku barua yako ilipofika, siku tatu kabla ya Matawi. Kidole kilisema baridi. Mdomo uliota malengelenge. Nilikuwa na siku tatu za kumwambia Joram azime. Nilinyamaza kwa sababu ya duka.

Basi Jumapili iliyopita nilipanda gari nikaenda Ahero. Joram alifikiri nimekuja kushukuru kwa kupona, akaniita mbele. Nikasema, "Ule moshi ulikuwa wangu. Feni niliitoa mimi. Wechuli alinikataza, nikamdharau."

Mama mmoja akasema, "Mzee, ni dawa za hospitali zinakusumbua."

Nikainua mkono, wakajihesabia vidole wenyewe. Nikawaeleza kilichoondoa hicho kimoja, na ya kwamba kilikuwa kimekufa siku nilipokitumia kwenye mashine yao.

Joram alikaa chini kwenye ngazi ya madhabahu. Aliyevunjika mguu alikuwa pale, amekalia kiti cha plastiki, ananiangalia tu, na sitaki kukuandikia alivyoniangalia. Wechuli alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Akaja mpaka mbele.

"Wiki sita, Mzee," akasema. "Wiki sita wananiita Bwana Moshi. Mtoto wangu anaitwa Moshi Mdogo shuleni."

"Najua."

"Hujui."

Kweli, sikujua.

Sasa sikiliza. Wewe ulikuwa na huruma na mimi, ukanipa mpaka Pasaka, na nilipokataa ukampigia Obonyo. Nilikulaani. Lakini simu ile ndiyo imeniachia mkono. Ningekuwa na namba ya huyo Prerna ningempigia leo kutoka kwa simu ya Nekoye, nikutendee ulivyonitendea. Sina namba yake. Kiingereza chake sitakielewa. Kwa hiyo wewe huna mtu wa kukusaliti, Mama. Itabidi uende kwa miguu yako.

Wale watu mia nne hawajakanyagana bado. Mimi wangu walishakanyagana.

Obiero


Leipzig
20 Juni 2025

Kwa Kwara mpendwa,

Nakusalimia wewe, Baba na dawa zake, Shangazi Celestine, Aloo, Nekoye. Barua yako safari hii ilifika kwa siku nane tu, imenikata pumzi na sijui niianzie wapi, kwa hiyo naanzia mwisho wake.

Nilikwenda kwa miguu yangu. Ofisi ya Dokta Prerna iko ghorofa ya nne na lifti ilikuwa nzima, nikapanda ngazi ili nichelewe. Nilimwonyesha picha ya gundi iliyopasuka. Akauliza, "Umeijua lini?" Nikamwambia Aprili ishirini na tano. Alihesabu kwa vidole vyake mezani, siku moja moja mpaka siku hiyo, ili niione. Halafu akafungua kompyuta, mbele yangu, akaandika kuiondoa makala. Alipomaliza alisema nitoke.

Kwa siku tano hakunisemesha. Ya sita alinikuta maabara nikigandisha upya, safari hii kwa madini laini ya risasi badala ya gundi, na vipimajoto viwili. Akauliza nani alinifanya nikague. Nikamwambia babu yangu, fundi wa redio wa Kondele. Nikamweleza yote. Alishika ukingo wa meza. Aliuliza kama mkono umepona, kisha akavuta kiti akakaa kunisaidia.

Tumepima mara tisa. Inapata joto, Kwara. Bila shaka inapata. Lakini kwa kazi ile ile, joto lake ni zaidi kidogo ya nusu ya joto la transista ya kawaida tuliyoiweka kando yake. Si lile la kukaa sakafuni. Dokta Prerna anasema ni jambo la kuandika upya, polepole. Kuhusu ufadhili hakuna aliyeniahidi kitu. Nitajua Oktoba.

Nakuja Agosti. Nimemwambia Baba kuhusu kufuli ya duka, akasema tutaongea nikifika. Nitaongea naye tukiwa tumekaa, si kwa simu. Hata kama huwezi kushika solda, unaweza kukaa humo.

Mguu wa yule mama unaendeleaje?

Mjukuu wako,
Aoko


Kondele
13 Julai 2025

Kwa Mama yangu Aoko,

Salamu kwako na kwa Prerna ambaye anajua kukaa kimya siku tano, hiyo ni nguvu ambayo mimi sina. Sukari yangu sasa ina namba, mashine inaiandika. Nyayo zangu Celestine anazikagua kila siku na tochi, kama askari wa mpakani. Mvua imepungua. Mama wa mguu anatembea na fimbo, nampelekea samaki kila Ijumaa. Mara mbili za kwanza aliwarudisha. Ijumaa iliyopita alipokea na kufunga mlango.

Zaidi kidogo ya nusu. Nimewatangazia wote niliowasomea ile barua ya kwanza, na yule mzee wa mtaa pia, kwamba tulikosea: si baridi, inapata joto, lakini nusu na kidogo. Kinyozi akasema, "Kumbe inachoma." Nikamwambia hesabu ni ya kweli, imepimwa mara tisa, na wewe ukinyoa kichwa hupimi hata mara moja. Nusu ni kubwa, Aoko. Lile jumba tupu linalokula umeme wa mji, sasa litakula wa nusu ya mji. Hiyo hesabu hata darasa la tatu inaiweza.

Usiongee na Obonyo kuhusu kufuli. Nilimwomba ufunguo mwenyewe. Alifikiri nataka kurudi kazini, akaanza kukunja uso. Nikaenda naye mpaka Ahero, kwa Wechuli, nikaweka ufunguo mezani kwake. Mashine zote, solda, vipuri, redio kumi na moja za watu zinazongoja, na jina kwenye mlango alibadilishe. Obonyo alibaki mdomo wazi. Miezi mingapi walikuwa wananiomba nifunge, na sasa anaona nimefungua.

Wechuli hakunishukuru. Alisema, "Nitakuja nitazame kwanza." Alikuja, akatazama, akafagia. Sasa ni wiki ya tatu. Anatumia mita kwa kila kitu, hata betri. Nilikuwa naingia kila asubuhi kumwonyesha pale anapokosea, na anakosea sana, na nilikuwa nakaa kwenye kiti cha kazi kama siku zote.

Jana alisimama mbele yangu na redio mkononi, kuna mteja anangoja, akasema, "Mzee, hicho ni kiti changu."

Mama, nilimtazama. Hakuondoa macho.

Nikainuka, nikamwachia kiti, nikatoka.

Mwanao,
Obiero